Njia Itaanzia Maji Yanapogusa Barabara

Kijiwe chetu kiko pale lami inapoishia, ukingoni mwa kinamasi. Benchi moja, birika langu la kahawa, na banda la fundi baiskeli tunayemwita Spoku. Asubuhi ukungu hulala juu ya matete mpaka unasahau kwamba nyuma yako kuna mji. Tangu tusikie manispaa itajenga njia ya baiskeli kandokando ya maji, wageni waje kutazama ndege, kahawa yangu inapoa vikombeni kwa porojo. Spoku ndiye hapati usingizi. Siku hizi kila mtu ana pikipiki, na pancha ya mwisho aliyoziba ilikuwa ya toroli.

— Njia ikipita hapa, nimepona, alisema Spoku. Isipopita, nafunga banda.

— Itapita tu, alisema Breki, dereva wa basi mstaafu. Mimi naiona. Mgeni anashuka uwanja wa ndege, anapanda baiskeli hapohapo, anakuja kivulini mwanzo mwisho.

— Na mizigo yake? aliuliza Spoku.

— Mizigo ya nini? Si anakuja kupumzika.

Shemeji, fundi cherehani, kaka wa mke wa Spoku, alifumba macho.

— Nitawashonea kofia za rangi ya matete. Ndege yangeyange atakudhani tete, atatua begani kwako.

— Akishatua? aliuliza Breki.

— Unaendesha naye. Taratibu.

Hata mimi, ambaye maneno yao huingia sikio hili yakatokea lile, nilijigusa bega.

— Mwishowe magari yataona haya yenyewe, Breki aliendelea. Mji mzima utalala mchana, milango wazi, matete yakiota mpaka sebuleni.

— Kwangu hapana, nilisema. Nimefagia juzi tu.

Hapo akatokea dada mmoja akikokota baiskeli yenye pancha, darubini shingoni. Spoku alimpokea baiskeli kama anapokea mtoto mchanga.

— Karibu, dada.

— Asante, kaka. Nimetoka manispaa. Njia itaanzia pale maji yanapogusa barabara, na nimeelekezwa hapa.

Alitazama huku na huku, kisha chini ya benchi.

— Samahani, maji yenyewe yako wapi?

Breki alichungulia kikombe chake. Shemeji alikuta uzi wa kuvuta kwenye mkono wa shati. Zamani maji yalikuwa hapohapo tulipokaa. Kila mvua iliponyesha tulimwaga kifusi, karai baada ya karai, ili tunywe kahawa miguu mikavu. Spoku ndiye aliyekuwa akisawazisha, nasi tukimsifu.

Spoku aliziba pancha bila kuinua uso. Roho iliniuma kumtazama. Alipomaliza, alishika ncha moja ya benchi.

— Breki, inuka. Shika huko.

— Tunaipeleka wapi?

— Popote. Hapa pana wenyewe, ni pa maji.

Nikampa karai langu azoe kifusi.

— Lakini tutalowa viatu, alisema Shemeji.

Spoku alikuwa ameshavua vyake.