Kwikwi ya Gari la Mkwe

Mbele yangu kwenye basi alikaa mwanamume aliyefunga plagi za gari lake kwenye leso, kazipakata kama kitoto kichanga. Alikuwa akimlilia mwanamke asiyemjua, aliyevaa ovaroli la fundi.

"Dada, nikikanyaga mafuta tu, gari linashtuka kama lina kwikwi. Jana mama mkwe kagonga kichwa kwenye dashibodi. Kaapa leo nikimrusharusha tena njiani, anaondoka na binti yake."

Nikakohoa kidogo. Mimi pia ni mama mkwe; kiapo hicho nakifahamu, nimekitumia.

"Lilianza lini?" fundi akamuuliza.

"Juzi, nilipoliosha ili nikampokee. Hata injini niliipiga maji, ikang'aa kama sahani ya mgeni!"

"Basi maji yameingia kwenye matundu ya plagi. Yapulize yatoke, kausha koili zinazopeleka moto kwenye plagi, umepona."

"Maji gani, dada? Haya ni mafuta machafu, na plagi zimechoka. Nakwenda kununua mpya."

"Nunua hata injini, kaka. Usipokausha, mke utamsikia kwa simu."

"Kwani usafi umekuwa kosa?"

"Kuosha uso ni usafi. Kumwaga maji sikioni ni ujinga."

Walibishana hivyo mpaka kilimani. Dereva akakanyaga mafuta, basi likashtuka, likashtuka tena, kilemba changu kikaniziba macho. Kisha likazima kabisa.

"Msiwe na wasiwasi, abiria," dereva akasema kwa majivuno. "Basi hili tunalitunza. Asubuhi tu tumeliosha mpaka injini."