Gauni la Saa Kumi

Kijiwe chetu kimeegemea ukuta wa uwanja mdogo wa ndege, na mimi ndiye ninayekimiminia kahawa, kwa hiyo upuuzi wote wa mtaa unapita masikioni mwangu kwanza. Siku hiyo Fundi Cherehani alikuja na mfuko mmoja. Mama yake alikuwa amefariki jana yake, katika mji wa pili, ng'ambo ya milima, na mazishi ni saa kumi jioni hiyo; dada yake alikuwa kule akimngoja. Marehemu aliagiza zamani azikwe na gauni la mkono wa mwanawe, na Fundi alikesha akilishona. Barabara ni safari ya siku mbili. Ndege ni moja tu, ya saa saba. Alipita kutuaga, maskini, akawakuta Rubani na Mita. Rubani hajawahi kupanda ndege; kazi yake ya zamani ilikuwa kukata nyasi za uwanja kwa mashine. Mita alikuwa msoma mita za maji, na tangu astaafu anapima kila kitu.

RUBANI: Kaa, Fundi. Kule ni dakika ishirini na tano.

FUNDI: Tiketi inasema arobaini.

RUBANI: Wanaongeza ili mmalize soda.

MITA: Ishirini na tano ya wapi? Lete futi yako.

Fundi aliivua shingoni. Mita akaitandaza juu ya ramani ya kalenda kuukuu niliyoibandika ukutani.

MITA: Inchi tatu kasoro. Hiyo ni nusu saa, hata ubishe.

RUBANI: Na mlima umeupima? Mlima unapandwa, halafu unashukwa.

MITA: Ndege haipandi mlima, inauruka.

RUBANI: Inaurukaje kabla haijaupanda?

FUNDI: Jamani, acheni niende. Nitachelewa.

RUBANI: Kwa ndege ile? Haijawahi kuondoka saa yake. Ukisikia injini, ndipo uinuke. Lango si hilo hapo?

Fundi akakaa. Nikamwongezea kahawa.

MITA: Tena kwenda ni karibu kuliko kurudi. Dunia inazunguka. Ndege ikishapaa ikatulia, mji wa kule unaifuata wenyewe.

RUBANI: Basi si wangezima injini?

MITA: Wanazima. Ule mngurumo wanawawekea abiria wasiingiwe na hofu.

Nyuma ya ukuta kitu kikaanza kuunguruma. Fundi akainuka na mfuko wake.

RUBANI: Kaa wewe. Hiyo ni mashine ya nyasi. Nimeishi nayo, naijua kuliko mke wangu.

FUNDI: Kwa hiyo saa kumi nitakuwa nimefika?

MITA: Utafika, uoge, na usinzie kidogo.

Mngurumo ukazidi, vikombe vikatetemeka, na kivuli kikapita juu ya benchi letu kikielekea milimani. Hakuna aliyeinua kichwa.

RUBANI: Labda si yenyewe.

FUNDI: Iko nyingine?

Nilitamani ardhi inimeze na birika langu. Mfuko ulikuwa umemponyoka Fundi, na gauni likatokeza nusu, jeupe, limepigwa pasi vizuri. Mama mmoja mpita njia, ambaye hatukuwahi kumwona, alisimama kuulizia kahawa, akaliinua kwa vidole viwili lisishike vumbi.

— Gauni zuri hili, — akasema. — La nani?

Mita alikuwa bado ameshika futi. Simu ya Fundi ikaanza kuita mfukoni. Alijua ni dada yake, nasi tulijua. Iliita mpaka ikakatika.