Beseni Yangu ya Bulu na Kichwa ya Feza

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Bwana asifiwe tena, maana upande wa ba mama wa maombi sikusikia sauti. Nguvu ya kuimba munayo, ninaijua.

Mimi ni Kambo Ngoie, nyanya yenu wa mutaa ya Hewa Bora. Masomo sikufika mbali, lakini jina ya muntu haipotei mu kichwa yangu. Leo nitataja majina. Mwenye kusikia yake asianze kukohoa.

Munamujua Feza, binti ya mutoto wangu Kasongo. Mungu alimupa mayi. Mu pisini, ile bwawa ya kuogelea ya kule mujini, alikuwa anaenda krol, ile ya kulala na tumbo na kutupa mukono moya kisha mwingine, na benzake banabaki nyuma banameza povu. Kati ya benzake kulikuwa Nadine, binti ya Mama Odette, mukubwa wa ba mama wa maombi. Kila kompetisyo ya mbio, Nadine alikuwa anafuata visigino vya Feza. Ile haikumufurahisha Mama Odette. Siku moya, hapa ku mulango ya kanisa, alisema ili bote basikie:

— Mutoto wa muntu haendi vile mu mayi. Ile haiko miguu, ni mukia. Mumuangalie muzuri, iko wa Mamba Muntu.

Mamba Muntu, ile muke wa mayi mwenye mukia ya samaki! Mama Georgine, mwenzake wa maombi, alicheka. Kicheko ikaisha, neno ikabaki.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa ku shamba, Kasungami, ninapalilia mahindi yangu. Hamukuningoja. Mulimuita mutoto ku maombi ya ukombozi. Mulichukua beseni ya bulu, ile nilikopesha kanisa juu ya kuosha masahani ya bageni. Mulisema kitu ya mayi irudi mu mayi. Mama Odette alikamata shingo, Mama Georgine mikono, Mama Kalumba akakaa juu ya miguu. Mulizamisha kichwa ya mutoto, mukaitoa, mukazamisha tena, mupaka akaacha kupigana. Kasongo, baba yake, ule nilizaa mimi, alisimama ku mulango ameshika kofia. Bengine mulipiga makofi. Alipolegea, mukapiga vigelegele: «Amekombolewa!»

Amekombolewa mu nini?

Kutoka ile siku, Feza hakuweza tena kutia uso mu mayi. Hata kunawa, ananawa na kitambaa. Koch Ilunga, ule anabafundisha, alikuya nyumbani kumubembeleza, na mutoto akarudi pisini. Lakini alienda kichwa juu, shingo imekauka, sawa imbwa anayevuka muto. Koch alimukamata picha na telefone, akanionyesha.

— Angalia, kambo. Kichwa ikipanda, miguu inashuka. Anakokota mwili yake sawa gunia ya makala. Mikono iko, nguvu iko. Uso tu njo haitaki kulala.

— Na kama hailali?

— Kwenda ku mashindano ya Kolwezi tutachagua batoto batatu. Hatakuwa ndani.

Na Mama Odette, alipoona Feza anafika wa mwisho, alisema nini? Alisema mbele ya bote: «Muliona? Pepo ilitoka, na mbio yake ikatoka nayo!» Mukaitika amina. Feza aliisikia ile amina. Alifika nyumbani akaniuliza:

— Kambo, basi ilikuwa pepo? Haikuwa mimi?

Ndugu zangu! Mutoto anauliza kama iko muntu! Nililia mbele ya Mungu mupaka sauti ikaisha. Mungu hakunitumia malaika. Alinikumbusha beseni.

Nilikuya hapa, nikaitoa chini ya meza, sikuomba muntu ruhusa. Nikaiweka mu lupango yetu, mu kiwanja ya nyumba, nikajaza mayi safi, nikavua kitambaa ya kichwa mbele ya majirani, mumama muzima na mvi zangu, nikatia uso. Nikapuliza, juu koch alisema pumzi itoke mu mayi, isibanwe.

— Kambo! Unatokota sawa sufuria ya bukari!

— Kuya upike yako.

— Hapana. Kuko mukono nyuma yangu.

— Nyuma yako kuko ukuta. Mukono yangu yote mbili iko mu beseni. Uangalie.

Alianza na kidevu. Siku ingine midomo. Siku ingine pua, akakimbia, akatapika, nikamungoja. Kisha siku moya uso yote ikaingia, na mayi ikatokota! Nilipiga vigelegele peke yangu, na ile ilikuwa ya kweli.

Mu pisini, koch akamalizia. Angalia chini, Feza. Zungusha bega na mwili pamoja, jicho moya itoke, moya ibaki mu mayi, kinywa ikamate hewa na kurudi. Kiwiko juu. Usipige mayi sawa unafua. Kichwa ikalala, miguu ikapanda yenyewe.

Siku ya kuchagua, Feza hakushinda. Nadine njo alifika wa mbele, juu ile miezi ya woga hairudi. Feza alifika wa tatu. Ataenda Kolwezi. Alitoka mu mayi, akanikamata shingo:

— Kambo, ilikuwa mimi.

Pale nilitaka kunyamaza, ndugu zangu. Lakini siku ya Mungu, Jumapili iliyopita, Mama Odette alisimama hapa, akasema ile maombi ya beseni njo imezaa matunda. Mukapiga makofi tena! Njo maana nimesimama.

Asante, Baba. Wewe uliumba mayi, na haukuogopa mutoto anayeipenda. Ulimutoa mu mikono yetu, hapa ndani ya nyumba yako. Ninyi sijabasamehe bado. Ninaomba juu ya ile, na Mungu anaona vile inaenda polepole. Feza iko pale, karibu na mulango. Hakubali kukaa mbele, mahali mukono ya muntu inaweza kufika shingo yake.

Mumutumaini Mungu, ndugu zangu. Yeye hashikilii muntu kwa shingo. Na kama kuko mutoto mwingine mulimuzamisha, mumulete kwangu Hewa Bora. Beseni iko mu lupango, mayi yake safi. Mimi njo nitatangulia kutia uso.