Fundi wa Sketi za Duara

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea kwa ufupi maisha ya mama yetu, aliyejulikana na wengi kama Mama Mkasi, ufupi ambao yeye mwenyewe asingeukubali, kwani alipenda kusimulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu na muuguzi, akimfuata dada yake, ambaye tunaye hapa leo, kiti cha mbele. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha chuo cha ushonaji, alikohitimu Novemba 1975, akiwa wa kwanza kwa kukata na wa mwisho kwa kunyamaza.

Mwaka 1976 aliajiriwa katika duka la nguo karibu na stendi, chumba chenye cherehani nne na dirisha moja, akabobea katika sketi za duara, kazi ambayo fundi hupewa mzingo wa kiuno tu, naye lazima atafute nusukipenyo kabla ya kushika chaki, yaani augawe mzingo kwa tatu nukta moja nne, kisha jibu aligawe kwa mbili. Hiyo mbili ndiyo iliyoleta balaa. Agosti 1978, akikata gauni la harusi la dada yake, mwenye kiuno cha sentimita sitini na sita, alipata ishirini na moja, akaitumia hivyo hivyo bila kuigawa, na tundu la kiuno likawatosha mabibi harusi wawili. Siku ya kujaribu, satini iliteremka hadi sakafuni mbele ya mawifi, na marehemu, badala ya kuomba radhi, akacheka mpaka akakaa chini. Dada aliolewa kwa gauni la kuazima, na hawakusemezana tena kwa miaka arobaini na mitatu. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, basi majirani walilima mpaka wakazeeka.

Tarehe 2 Juni 1982 alifunga ndoa na dereva wa lori, baba yetu, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, na kila alipojifungua alimpelekea dada yake habari, asijibiwe. Jambo hilo lilimuuma sana, na alisema waziwazi kwamba haogopi kufa, anaogopa kufa hajasamehewa.

Januari 2022 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Dada alikuja hospitalini, akavuta kiti, na neno lake la kwanza likawa kuuliza gauni lake liko wapi. Futi ya kupimia ikaletwa, kiuno cha dada sasa kilikuwa themanini na nane, marehemu akagawa kwa kichwa, akapata ishirini na nane, na kabla hajameza mate dada akadakia kwamba nusu yake ni kumi na nne. Walipotoka hospitalini, dada, ambaye hajawahi kukata hata pazia, ndiye aliyeshika mkasi, marehemu akimwelekeza kutoka kitandani, wakibishana kutwa nzima. Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 3 Mei 2022.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na mafundi wenzake waliofunga duka leo.

Mwisho, dada wa marehemu ameomba tuwajulishe kwamba gauni alilovaa ndilo lile, kwamba kiuno kinapwaya, na kwamba kosa ni lake yeye aliyekata, hesabu ya mdogo wake ilikuwa sahihi.

Pumzika, Mama, amani iwe nawe.