Luc Kambere Lusenge, mtafuta watoto waliolegea miguu ghafula (1969–2025)

Padri, wazee, wakwe, na ninyi mliotoka Kipese, Mangina na Beni: ketini, mufunge simu, tumsindikize Luc kwa maneno ya kweli. Mimi dada yake Adèle nitasoma, na mwenye kupiga kelele nitamtaja kwa jina.

Marehemu Luc Kambere Lusenge alizaliwa Kipese, katika teritware ya Lubero, tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa pili wa papa Lusenge na mama Antoinette, wote marehemu. Mama alisema siku ile alilia mpaka majirani wakaacha majembe. Baadaye akawa mtu wa sauti ndogo. Ile nyingine aliipeleka wapi, hatujui.

Alisoma shule ya msingi kulekule Kipese. Rafiki yake wa darasani polio ilikuwa imemwacha anatambaa, na Luc alimbeba mgongoni kupanda mlima wa shule. Watu walipomsifu alijibu: “Nikimuacha, nani atanipa hesabu?” Diploma ya uuguzi aliipata hapa Butembo mwaka 1991.

Alianza kazi Mangina mwaka 1992. Tangu 2012 alipewa kazi ya kutafuta kila mtoto ambaye mguu au mkono umelegea ghafula bila kuanguka wala kupigwa. Mavi ya mtoto huyo huchukuliwa mara mbili, yakawekwa kwenye sanduku la barafu, yakapelekwa Kinshasa kuangaliwa kama yana polio. Barafu ikiyeyuka, hata kama polio imo haitaonekana tena, na hapana mtu atajua kama ugonjwa unatembea kati yetu. Maana mtoto mmoja akilegea, wako wengi wanaoubeba huku wanacheza mpira.

Watu walimwita Muganga wa Mavi. Kisha Ebola ikaja, woga ukazidi. Mama mmoja wa Mangina alimfungia mlango: “Damu mulimaliza, sasa munakuja mu mavi?”

Luc akajibu: “Mama, ya kwangu ni mingi, mais hapana mwenye anaitaka. Banataka ya mutoto.” Yule mama akacheka, na mlango ukafunguka.

Alifunga ndoa na Florentine Vagheni tarehe 17 Agosti 1996. Mungu aliwapa Étienne, Joyeuse na Bénite. Mara ya kwanza Luc alipofika nyumbani na lile sanduku, Florentine alifurahi akidhani ni samaki. Alipoambiwa ni nini, alitaka kurudi kwao.

Ugonjwa wake ulikuwa tension, damu kupanda, na dawa alizinywa akikumbuka. Tarehe 8 na 9 Juni mwaka huu alikuwa Kipese kwa mtoto wa miaka mitatu, ambaye jina lake halisomwi hapa. Alirudi Butembo Jumanne tarehe 10, sanduku mkononi, ili alipeleke Beni likapande ndege ya Kinshasa. Akaanguka mlangoni. Upande mmoja ulikufa, kinywa kikakataa, lakini mkono wa kushoto ulikuwa unaonyesha. Tukamletea maji. Tukamletea rozari. Bénite alileta viatu. Aliendelea kuonyesha mpaka walipombeba kwenda hospitali, naye alifariki Jumatano tarehe 11, alfajiri. Florentine ndiye aliyeelewa, maiti ilipokwisha kurudi nyumbani: alikuwa anaonyesha sanduku.

Sasa, kwetu kitu cha marehemu hakitoki nyumbani kabla marehemu mwenyewe hajatoka. Wenzake wa bureau walikuja kulia, wakaliona, wakaogopa kuliomba. Papa mudogo Sikuli, mdogo wa baba yetu, alisimama mlangoni: “Kitu ikitangulia maiti, inaita maiti ingine.”

Akajibiwa na dada wa marehemu: “Papa mudogo, pardon, mais yenye itaita maiti ni hii barafu ikiisha. Na hii hapana ya Luc. Ni ya mutoto.”

“Adèle, kinywa yako ni kisu.”

“Basi ikate haraka, papa. Maji iko inatoka chini ya sanduku.”

Mzee aliyaangalia yale maji. Tulimwogopa, na tuliogopa kumshinda pia. Kisha akasema: “Ipite ku mulango ya jikoni. Mulango ya mbele atapita Luc mwenyewe.” Akalibeba mwenyewe.

Sadrack, mwenye pikipiki, alilifunga nyuma akashika njia ya Beni, njia ya kuviziwa na wenye bunduki, ambayo sote tunaijua. Mpaka jioni hapana aliyekula. Ndipo akapiga simu: amefika, barafu imebaki kidogo. Kama hiyo kidogo ilitosha, hatujui. Majibu hayajafika. Kwa hiyo mwenye mtoto anayeburuta mguu tangu juzi, asimfiche: amwone Étienne leo, kabla ya kutoka makaburini, naye atawaita wale wa bureau ya baba yake. Aibu itapita, mguu hautarudi.

Marehemu ameacha mjane Florentine, watoto watatu, dada yake Adèle, papa mudogo Sikuli, na mtoto mmoja wa Kipese ambaye bado hasimami.

Luc, wewe pumzika kwa amani. Sisi tutapumzika Kinshasa ikijibu.