Mtoto wa Nne

Benchi lenyewe liko nje ya duka la ushirika, limeegemezwa ukutani ili upepo wa bahari usikunyang'anye kofia. Kila asubuhi, meli ya abiria ikishaondoka, wanakaa hapo watu watatu na chupa moja ya chai. Kisiwa kizima majina ni yale yale, ukiita "Tormod!" wanageuka wanaume sita, kwa hiyo kila mtu ana la utani. Kuna Oighrig, anaitwa Redio, na usiulize kwa nini. Kuna Coinneach Spana, fundi mstaafu wa injini za meli, bingwa wa methali zisizo na kwao. Na kuna Tormod Nahodha, ambaye hajaongoza hata ngalawa. Bahari ikichafuka kidogo tu, anatapika. Asubuhi hiyo Tormod alikuja na furaha zake, maana mjukuu wake Ceit anaanza shule Agosti. Tangu mkewe afariki, Kigaeli chake, lugha ya asili ya kisiwa, kimebaki cha benchini, nyumbani hakizungumzi na mtu. Ceit akifundishwa shuleni, basi jioni watakuwa wawili.

Redio alifika anahema.

— Jamani, tumekwisha! Darasa la Kigaeli halifunguliwi!

— Nini? — Tormod aliruka, chai ikamwagikia suruali.

— Halmashauri imesema jana mkutanoni, nimesikia kwa masikio yangu haya. Wanataka watoto wanne, wameandikishwa watatu. Wa nne asipopatikana mpaka Ijumaa, wote wanasoma kwa Kiingereza.

— Mungu wangu! Halmashauri hii hii? Iliyobandika vibao vya Kigaeli mpaka kwenye choo cha bandarini?

— Hii hii.

— Inayogharimia mashindano ya kuimba kila mwaka?

— Hiyo hiyo, nakwambia!

Tormod akakaa.

— Mimi nilijua, — Spana akasema. — Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Sasa hiyo inaingiaje hapa, we mzee? — Redio akamkata.

— Inaingia sana. Vibao ni vya watalii. Mtalii anapiga picha, anaondoka kapona. Sisi wa nini tena?

— Hujui kitu. Lile darasa madirisha yake yanatazama ghuba. Kuna mkubwa analitaka, aweke mkahawa.

— Mkahawa! Mawazo madogo hayo. Watafuga samaki mle, wapitishe bomba chini kwa chini mpaka baharini. Injini wameshaleta, nimeinusa.

— Umenusa injini?

— Nimezeeka kwenye meli, nishindwe kunusa injini?

— Nyamazeni, niwaambie, — Tormod akapiga goti lake. — Wanatuogopa! Tukisema Kigaeli hawajui tunawasengenya au tunawaombea. Wanangoja tufe sisi, halafu wabaki na watu ambao wao wanaelewa kila neno lao.

— Khaa! Hiyo kali, Nahodha.

— Twendeni ofisini kwao sasa hivi, — Spana akasema, bila kuinuka. — Tukawashike mashati!

Mara Marta akatoka dukani na mfuko wa viazi. Ni Mpolandi, muuguzi wa zahanati, mwaka wake wa tatu kisiwani. Hapo hapo, bila kuambizana, wote watatu wakahamia Kiingereza. Ndivyo walivyolelewa: asiyejua lugha akiingia, hata awe mmoja kwenye watu ishirini, Kigaeli kinawekwa kando ili asijione katengwa.

— Habari za asubuhi, mama, — Tormod akasema. — Leo walau mvua imetuonea huruma.

Marta akajibu kwa Kigaeli, polepole, kila neno mahali pake.

— Nimewasikia toka ndani. Mbona mkiniona mnaacha?

Redio nusura aangushe chupa.

— We! Umejifunza lini?

— Jioni, shuleni. Si halmashauri inamlipa mwalimu? Nijibuni kwa lugha hiyo hiyo, la sivyo nitaisahau.

— Ni adabu tu, mama, usituelewe vibaya, — Spana akasema, bado kwa Kiingereza.

— Sawa. Hao watoto watatu, mmoja ni wangu. Wawili ni wa yule mwalimu aliyehamia kutoka bara. Mzee Tormod, mbona Ceit hayumo?

Tormod akacheka.

— Hayumo vipi? Ceit ndiye wa kwanza!

— Majina yalisomwa mkutanoni. Hakutajwa.

Tormod akamgeukia Redio. Redio akainamisha kichwa.

— Kweli, Nahodha. Nilidhani unajua.

Tormod akainuka. Seonag! Binti yake wa kumzaa, mama yake Ceit, wanakaa nyumba moja, na Kigaeli anakijua tangu kunyonya! Hakuwahi kumuuliza kuhusu darasa. Jambo kama hilo aliona halihitaji kuulizwa.

— Seonag hawezi kunifanyia hivi, — akasema. — Hawezi!

— Labda haoni Kigaeli kina kazi gani, — Marta akasema, bila ukali. — Mzee, wewe nyumbani unaongea na Ceit lugha gani?

Tormod akaikumbuka meza ya nyumbani. Mkwewe, mume wa Seonag, ni mtu wa bara, Kigaeli hajui hata salamu. Utamtengaje mtu kwenye meza anapokula? Kwa hiyo asubuhi Kiingereza, jioni Kiingereza, hata kumbembeleza mtoto alale ni Kiingereza, mkwewe asijisikie vibaya chumba cha pili. Miaka minne na nusu ya adabu.

Marta akaupachika mfuko wa viazi kwapani, akawaaga na kwenda zahanati. Tormod akabaki anautazama mlima wa nyumbani kwake.

— Oighrig, — akasema, safari hii bila jina la utani. — Nikirudi sasa hivi nimwite Ceit kwa Kigaeli, ataitika?

Redio akaifunga chupa ya chai.