Chai na Baba yake Joel

Kwenye Noah ya abiria ya kutoka Nyamongo kwenda Tarime, nilikaa kati ya mama mmoja na mzee aliyevaa koti la kanisani siku ya Alhamisi. Mama alimpa shikamoo, akamuuliza kama anakwenda msibani.

"Nakwenda kunywa chai," mzee akasema. "Pale Tarime kuna mgahawa wenye keki nzuri. Mimi na rafiki yangu Gidion tumekula pale kila Alhamisi, miaka ishirini. Leo ni mara ya kwanza tangu nimzike binti yangu, Happy."

Mama akampa pole, akauliza ilikuwaje.

"Pikipiki. Aliyekuwa anaendesha ni Joel, mtoto wa Gidion."

Nikageukia dirishani, maana nilikuwa katikati ya mazungumzo yasiyonihusu, wala sikuwa na mahali pengine pa kujificha.

"Na ukoo wenu umekubali ukanywe naye chai, baba?"

"Umekataa. Hata mke wangu asubuhi hakuniaga."

"Sasa hiyo keki itashukaje kooni?"

"Sijui kama itashuka. Lakini Gidion alikuwa anamfungia Happy kipande chake kila Alhamisi, tangu hajaota meno. Nikitaka kumlilia na mtu aliyempenda, niende kwa nani?"

"Kwa mama yake," mama akasema.

 Noah ikasimama stendi. Ng'ambo ya barabara, mzee mwingine alikuwa amesimama nje ya mgahawa, kofia mkononi, hajathubutu kuingia. Konda akafungua mlango. Mzee wetu akaweka mguu mmoja chini, akabaki hivyo, nasi tukasubiri nyuma yake. Hakuna aliyemharakisha.